Mti Mmoja, Bei Tatu: Hesabu Iliyomo Ndani ya Kazi ya Kukata Miti

Mwenye nyumba wa Mikocheni, Dar es Salaam, ana mwembe mkubwa nyuma ya nyumba. Umeinamia paa la bati, na jirani ameshaanza kulalamika kwamba masika yakifika utauangukia ukuta wake. Anaita mafundi watatu. Wa kwanza anautazama mti akiwa bado juu ya pikipiki na kusema shilingi 150,000. Wa pili anauzunguka mara moja, anasema 380,000. Wa tatu anapima shina kwa futi kamba, anauliza shimo la maji taka liko wapi, anakwenda kulitazama geti, anarudi tena nyuma ya nyumba, kisha anasema 720,000. Mwenye nyumba anaona moja kwa moja kwamba huyu wa tatu anataka kumwibia.

Kwa kuwa nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na nimewahi kuwa kila mmoja wa mafundi hao watatu kwa wakati wake, napenda kueleza kwa nini bei hizo tatu zinaweza kutajwa na watu watatu waaminifu, na kwa nini aliye hatarini zaidi kati yao ni yule wa katikati.

Mazoea yetu ya pwani yamechangia mkanganyiko huu. Mkwezi tangu zamani hulipwa kwa mnazi: amepanda minazi kumi, analipwa ya minazi kumi, na hakuna anayebishana naye, kwa sababu mnazi mmoja hautofautiani sana na mwingine. Una shina moja lisilo na matawi na kilele kimoja, na anayeupanda anajua kabla hajavua viatu ni muda gani atautumia huko juu. Utaratibu huo wa kulipa kwa shina ni mzuri kwa minazi, lakini tumeuhamishia kwenye miembe, mikungu, miarobaini na mivinje, ambako hauna mashiko. Mteja anapopiga simu na kuuliza, "Fundi, mwembe mmoja unakata shilingi ngapi?" anauliza swali ambalo halina jibu. Mwembe ulio katikati ya shamba huangushwa kwa dakika ishirini na mtu mmoja mwenye chenso (msumeno wa injini) nzuri. Mwembe huohuo ukiwa kati ya nyumba, ukuta na waya wa umeme, huchukua watu wanne siku moja na nusu, kwa sababu hauangushwi tena bali hushushwa kipande kwa kipande. Fundi wa pikipiki alitaja bei ya shambani, na kwa mti wa shambani bei yake ni halali kabisa.

Kinachouzwa katika kazi hii, basi, ni muda wa kikosi, na fundi asiyejua siku moja ya kikosi chake inamgharimu kiasi gani hawezi kuupangia bei mti wowote, awe mzoefu kiasi gani. Hapa ndipo biashara nyingi ndogo zinapofia, na ningependa tukae kidogo kwenye hesabu yenyewe. Takwimu nitakazotumia ni za mfano tu. Kila mmoja aweke zake.

Gharama za siku ni za aina mbili. Zipo zinazoonekana kwa macho, nazo ni zile zinazotoka mfukoni siku ya kazi: mpandaji 50,000, mshika kamba wa chini 30,000, vibarua wawili wa kukokota matawi 40,000, chakula 15,000, petroli na oili 25,000. Jumla ni 160,000, na mafundi wengi huishia hapo. Akilipwa 250,000 kwa siku, anaamini amepata faida ya 90,000, na jioni anaitumia kwa amani.

Aina ya pili haidai pesa siku ya kazi. Inadai baadaye, tena kwa mkupuo. Tuseme fundi ana chenso mbili, moja kubwa ya mashina na moja ndogo ya juu ya mti, zilizomgharimu jumla ya 4,200,000, na anatarajia zimtumikie miaka miwili kabla hazijawa za kurekebishwa kila wiki. Hiyo ni 2,100,000 kwa mwaka. Kamba, mikanda ya kupandia, kofia ngumu na viatu vya thamani ya 1,800,000, navyo kwa miaka miwili, ni 900,000. Minyororo, tupa, plagi na kumlipa fundi wa mashine ni 1,200,000. Leseni, kodi, simu na nauli za kwenda kukagua kazi ni 1,500,000. Michango ya wafanyakazi na akiba ya ajali ni 900,000. Kisha yeye mwenyewe, ambaye anapokea simu usiku, anakwenda Tegeta kutazama mti ambao mteja hataukata kamwe, na anafuatilia madeni, anastahili mshahara hata kama ni 500,000 kwa mwezi, yaani 6,000,000. Jumla ya yote hayo ni 12,600,000 kwa mwaka.

Swali linalofuata ndilo linalowakosesha wengi: kiasi hicho kigawanywe kwa siku ngapi? Ukitoa Jumapili na sikukuu, mtu anaweza kujidanganya kwamba mwaka una siku 240 za kazi hata akiwa mwangalifu. Mwaka wa mkata miti hauendi hivyo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, simu huita mfululizo kwa sababu watu wanaogopa miti kuanguka, lakini huo ndio wakati ambao huwezi kumpandisha mtu kwenye gome lililoloa. Zipo siku za chenso kulala kwa fundi, siku za kukagua, siku ambazo mteja ameghairi asubuhi na vibarua wameshafika. Nikihesabu siku ambazo kikosi changu kililipwa kweli, si siku ambazo tulikuwa tayari kufanya kazi, mwaka mmoja haukufika 150. Tuchukue 140. Mgawanyo wa 12,600,000 kwa 140 ni 90,000 kwa siku. Sasa gharama ya siku ni 160,000 na 90,000, yaani 250,000, na yule aliyelipwa 250,000 akadhani ana faida hakupata hata shilingi. Alichokula jioni ile kilikuwa kipande cha chenso yake ya mwaka kesho. Angegawanya kwa 240 angepata 52,500, na angepungukiwa 37,500 kila siku ya kazi, ambazo kwa siku 140 ni 5,250,000, karibu mshahara wake wote wa mwaka.

Gharama ya siku ikishajulikana, kazi ya kukagua mti inakuwa ni kutafuta jambo moja: mti huu utakula siku ngapi? Hapo ndipo futi kamba ya yule fundi wa tatu inapoingia. Ukizungusha futi kamba kwenye shina na kugawanya mzingo kwa 3.14, unapata kipenyo. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha sentimita 30. Mzingo wa 188 ni kipenyo cha 60. Macho yanasema huu wa pili ni mkubwa mara mbili, na mteja naye atategemea bei mara mbili. Lakini ukikadiria mti mbichi kwa kilo 900 kwa kila mita ya ujazo, kipande cha mita moja cha shina la kwanza kina kilo 64 hivi, na cha shina la pili kina kilo 254. Ni mara nne. Kilo 64 vibarua wawili wanaibeba mabegani hadi getini. Kilo 254 haiendi popote mpaka ikatwe vipande vifupi zaidi, na kila mkato ni mafuta, ni mnyororo unaoisha makali, ni dakika. Na kipande kinachoshushwa kwa kamba hakiivuti kamba kwa uzito wake peke yake: kikianguka hata nusu mita kabla kamba haijakaza, mshtuko wake ni mara kadhaa ya uzito huo.

Hili nililijifunza kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza nilikubali kuondoa mwembe kwenye uwanja mdogo kwa 250,000, bila kuuliza chochote kuhusu kilichokuwa chini ya majani makavu. Kipande kimoja, ambacho hata kilo mia mbili hakikufika, kiliteleza kwenye fundo na kuangukia sehemu iliyoonekana kama sakafu ya kawaida ya saruji. Ulikuwa mfuniko wa shimo la maji taka. Haukuvunjika kwa kishindo. Ulitoa mlio mkavu kama wa sahani, ukapata ufa mmoja kutoka pembe hadi pembe, kisha nusu yake ikazama polepole. Kumimina mfuniko mpya kulinigharimu 400,000. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba si kuhusu mti. Ni shimo liko wapi, na mabomba yanapita wapi.

Geti nalo lina bei yake. Gari likiweza kufika chini ya mti, vibarua wawili wanamaliza kupakia kwa saa chache. Likibaki barabarani, na matawi yakapitishwa ubavuni mwa nyumba kwenye upenyo wa mita moja, kazi ileile inaweza kula nusu siku zaidi, ambayo kwa hesabu yetu ni 125,000. Mteja hawezi kuiona gharama hiyo kwa kuutazama mti, maana kwenye mti haipo.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi kwa sababu halina mjadala. Baadhi ya nyaya za usambazaji za TANESCO zinazopita mitaani hubeba volti 11,000 au 33,000, na tawi bichi hupitisha umeme, hasa likiwa limeloa. Tawi likiwa karibu na nyaya hizo, kazi inasubiri mpaka TANESCO wapewe taarifa na wazime, na siku ya kusubiri inaingia kwenye makadirio. Anayekubali kupunguza bei ili asisubiri hajapunguza bei, ameweka rehani maisha ya mpandaji. Vilevile mti ulio nje ya ukuta, kwenye hifadhi ya barabara, si wa mwenye nyumba hata kama aliupanda yeye. Kibali chake kinatafutwa kwa mamlaka ya barabara husika, ambayo kwa barabara nyingi za mitaa ni TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na kwa manispaa. Ni vizuri kuwe na mstari kwenye makubaliano unaosema nani atafuatilia kibali, kwa kuwa kukifuatilia nako kuna nauli na kuna siku.

Sasa tuje kwenye taka, ambazo wateja huzisahau na mafundi huzidharau. Mwembe mmoja mkubwa ukishalazwa chini huonekana kama umezaa mwembe mwingine: matawi yanajaa uwanja wote, na uzito wake si tatizo kama nafasi yanayochukua. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, haifai kwa shehena hiyo. Hujaa majani kabla haijajaa uzito, na ukijaribu kuipakia magogo unaivunja springi. Inahitajika kenta, yaani lori dogo, pengine safari mbili, na kutoka Mikocheni hadi dampo la Pugu Kinyamwezi kwa foleni zetu, safari moja inaweza kula nusu ya mchana. Kwa mfano wetu tuweke safari mbili za 100,000.

Wapo wanaosema magogo yatafidia. Gogo la mwembe kweli lina wanunuzi, kuanzia wapasua mbao za bei nafuu hadi wachonga mitumbwi, na mtu wa kuni hakosekani. Lakini tawi halina mnunuzi, na tawi ndilo linalojaza gari. Tena mazao ya misitu hayasafirishwi kiholela: Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 na kanuni zake zinataka hati ya kusafirishia, inayotolewa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na gari lililokamatwa na magogo yasiyo na hati linaweza kumeza faida ya mwezi. Ushauri wangu ni kutopunguza bei kwa ajili ya magogo mpaka mnunuzi awe ameshatoa pesa, na kuandika mapema magogo ni ya nani. Nimeona ugomvi mkubwa zaidi juu ya gogo lililolala uwanjani kuliko juu ya bei yenyewe.

Upo mkanganyiko mwingine, nao unahusu kupogoa. Mteja hudhani kwamba kupunguza matawi lazima kuwe rahisi kuliko kukata mti wote, kwa kuwa kinachoondolewa ni kidogo, na akitajiwa bei inayokaribia ya kukata huuliza, "Mbona mti wenyewe bado upo?" Ukweli ni kwamba anayepogoa vizuri hufika hadi ncha za matawi, ambako mkataji wa kawaida hana haja ya kufika. Kila tawi zito hukatwa mara tatu: mkato mfupi kwa chini ili gome lisichanike, mkato wa juu mbele kidogo ya hapo wa kuliangusha tawi, kisha mkato wa mwisho wa kuondoa kisiki kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe ulio kati ya tawi na shina. Uvimbe huo una kazi. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa chenso na kuonyesha kwamba mti hauponyi jeraha kama ngozi ya mtu inavyofanya. Hulizungushia ukuta ndani ya mbao ili uozo usisambae, na ukiukata uvimbe ule umeondoa sehemu ya ulinzi wake. Kwa hiyo kupogoa ni kazi ya mikato mingi, kila mmoja ukiwa na mahali pake, na kwa kawaida haifai kuondoa zaidi ya robo ya majani kwa mara moja.

Kinachofanyika mitaani ni kukata kichwa chote cha mti na kuacha nguzo. Ni rahisi na ni haraka, na mteja anaona kazi imefanyika. Baada ya msimu mmoja wa mvua nguzo ile hutoa machipukizi mengi yaliyoshikilia juu juu kwenye gome, yanarefuka upesi kutafuta mwanga, na baada ya miaka michache yanakuwa mazito kwa kiasi cha kung'oka kwa upepo huku kidonda cha chini yake kimeshaanza kuoza. Mteja aliyelipa kidogo atalipa tena, na safari hii mpandaji atakuwa juu ya mbao asiyoiamini, jambo ambalo nalo lina bei.

Turudi sasa kwa fundi wa tatu na 720,000 zake. Amekadiria siku moja na nusu: 375,000. Ameongeza safari mbili za kenta: 200,000. Gharama yake ni 575,000, na anataka faida ya asilimia 20 ili siku mti ukimshinda asianze kukopa. Hapa wengi hukosea kwa kuzidisha gharama kwa 1.2, wakapata 690,000. Lakini 115,000 iliyoongezwa ni asilimia 20 ya gharama. Ukiilinganisha na bei, ni chini ya asilimia 17. Anayetaka asilimia 20 ya kila shilingi inayoingia hugawanya gharama kwa 0.8, na 575,000 kwa 0.8 ni 718,750, ndiyo maana akasema 720,000. Tofauti ya 30,000 inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa kazi za mwaka mzima. Na mteja akiwa shule, hoteli au ofisi, malipo ya huduma hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo kwa kazi hii ni 36,000. Fundi ajue mapema kwamba haitaingia mkononi, na adai cheti chake.

Yule wa kwanza tumeshamweleza: anauza kuangusha, na kama akikubali kuangusha mahali pasipo na nafasi, gharama iliyobaki ataibeba mwenye paa. Yule wa pili ndiye anayenisikitisha, kwa sababu 380,000 yake inazidi gharama ya siku moja na nusu ya kikosi kwa shilingi 5,000 tu. Ana wapandaji wazuri, kamba nzuri, anafanya kazi safi, na anapendwa na wateja. Kenta hajaihesabu. Jioni ya siku ya pili atajikuta na uwanja uliojaa matawi na mwenye nyumba aliyesimama mlangoni akiuliza gari linakuja saa ngapi.

Mwenye nyumba wetu hatimaye akampigia wa tatu. "Fundi, kazi yako naiamini, lakini hiyo 720 ni kubwa. Nifanyie bei ya mwisho."

Fundi anayejua hesabu yake haanzi kushuka kwa elfu hamsini hamsini, maana akishuka bila kuondoa kitu ataonekana alikuwa anapandisha tangu mwanzo. Anatafuta kipande cha kazi kinachoweza kutoka. "Mama, kuna namna. Shambani kwenu Kibamba mna nafasi? Kama mtachukua matawi kwa gari lenu wenyewe, mimi natoa kenta zangu mbili, na bei inakuwa 470,000. Nitawakatia vipande vifupi na kuvipanga kando ya geti. Ila kupakia ni juu yenu."

Mama akatazama uwanja, akaanza kuhesabu ana vijana wangapi wa kupakia.